Fidia ya muda mahakamani Uingereza: nyota nne kutoka kwangu

Mtu akiona nyota hudhani nasifu mkahawa, kwa hivyo nianze kwa kusema ninachopima. Ni aina moja ya fidia wanayotoa majaji wa Uingereza na Wales kwa mtu aliyeumizwa, pale madaktari wanaposema huenda siku moja hali yake ikageuka kuwa mbaya zaidi. Naiita fidia ya muda. Jina lenyewe linapotosha, utadhani ni pesa za kushika kabla ya zile zenyewe, lakini sijapata jingine. Nimekuwa nayo tangu Juni 2022, na iligharimu pauni 8,000. Hiyo bei nitaieleza.

Novemba 2018, saa kumi na mbili u nusu asubuhi, giza bado, nilikuwa navuka zebra hapa Leicester kufuata gari langu. Nafanya kazi ya kea. Napita nyumba hadi nyumba kuwaosha wazee, kuwavisha, kuwapa dawa na chai. Gari la kupeleka vifurushi halikusimama. Mfupa wa fuvu juu ya sikio la kushoto ulibonyea kwa ndani, madaktari wakaufungua na kuunyanyua. Mpaka leo nikibana ushungi, pini ikifika hapo, kidole kinazama kidogo.

Dereva alikiri kosa na bima yake haikubishana. Kilichobaki ni hesabu. Nikachukua wakili wa hushindi hulipi, ambaye simtaji wala ofisi yake siitaji. Siku moja nakaanga bajia akanipigia: bima imetoa pauni 39,000, ni pesa nzuri, nitie sahihi kabla ya Ijumaa. Nikamuuliza, na kile kifafa? Maana daktari wa neva alikuwa ameandika kwenye ripoti kwamba nina nafasi kama 4 katika 100 ya kupata kifafa miaka ijayo kwa sababu ya lile jeraha. Akanijibu, "Kimeshahesabiwa humo." Mafuta yakaungua, bajia zikawa nyeusi, nami nikasema nitamrudia.

Nimtendee haki: hakunidanganya. Kweli kilikuwa kimehesabiwa. Kosa lake ni kwamba hakuniambia kuna njia ya pili.

Aliyeniambia ni mzee mmoja niliyekuwa namhudumia. Ujanani alikuwa fundi wa kufunika mabomba ya mvuke kwenye meli, enzi ambazo asbesto ilipakwa kwa mikono kama unga wa chapati. Ngozi inayofunika mapafu yake imekuwa nene na pumzi zake fupi. Nilimsimulia ile simu huku nikimfunga vifungo vya shati. Akanishika mkono. Yeye alilipwa kwa mapafu yalivyokuwa siku ile tu, akapewa karatasi ya mahakama inayosema ikija saratani ya asbesto, ile inayoweza kujificha miongo kadhaa kabla ya kujionyesha, atarudi kudai upya. "Usitie sahihi," akaniambia, "yangu waliiacha wazi."

Nikahama wakili. Huyu wa pili ni mama wa makamo, ofisi yake ghorofani juu ya duka la miwani, ngazi zake nyembamba kama za Mji wa Kale. Alinipa saa nzima, na sehemu yake kubwa ilikwenda kwenye hadithi ya mwaka 1701. Bwana mmoja, Fetter, alipigwa, akashtaki, akalipwa pauni 11. Baadaye kipande cha fuvu kikamtoka kichwani kwa sababu ya kipigo kilekile. Akarudi mahakamani. Jaji Mkuu Holt akamwambia hapana, umeshalipwa, kesi moja malipo mara moja. Nilijikuta nimeweka mkono juu ya ushungi.

Kanuni hiyo ilitawala peke yake karibu miaka 300. Jaji humpima mtu leo, hukisia kesho yake, hutaja tarakimu moja na mlango unafungwa. Mwaka 1979, katika kesi ya daktari mmoja aliyeharibika ubongo hospitalini, jaji Lord Scarman alikiri kwamba jambo moja tu lina hakika katika hesabu hizo: baadaye itaonekana pesa zilizidi au zilipungua. Tume ya Sheria ilikwisha kupendekeza mlango mwingine tangu 1973, tume ya Lord Pearson iliyochunguza mambo ya fidia ikaunga mkono 1978, Bunge likapitisha 1982, na majaji wakaanza kuutumia tarehe 1 Julai 1985. Miaka 12 kutoka pendekezo hadi kazi! Scotland wana kifungu chao ndani ya sheria hiyohiyo ya 1982.

Sasa ile bei. Mama wakili alichukua karatasi akaandika tarakimu mbili. Nikipata kifafa kweli, nikose kuendesha gari, nipoteze kazi, nihitaji mtu wa kunitazama, hasara yake aliikadiria pauni 200,000. Kwa njia ya kawaida bima hailipi 200,000. Inalipa asilimia 4 yake, yaani 8,000, na mambo yameisha. Ndiyo maana ya "kimeshahesabiwa humo". Kifafa kisipokuja, nimekula 8,000 za bure. Kikija, nimepungukiwa 192,000 na hakuna pa kwenda. Kwa fidia ya muda ningelipwa 31,000 tu, kama kwamba kifafa hakitakuja kamwe, na haki ya kurudi ingeandikwa.

Tuliokaa Uingereza tunajua gari ni nini kwa kea. Ukishikwa na kifafa unatakiwa uwaarifu DVLA, ofisi ya serikali ya leseni za udereva, na uache usukani, na kwa gari dogo kwa kawaida hurudi mpaka umalize miezi 12 bila kushikwa. Kwa basi au lori ni miaka 10, na bila dawa. Mimi ratiba yangu ina nyumba tisa, vitongoji vinne. Bila gari sina kazi.

Nyumbani mjadala ulikuwa mkali. Sisi tuna nyumba Mtwapa iliyofika kwenye linta ikasimama.

"Mama Nasra, elfu nane hizo ni paa," akasema mume wangu. "Asilimia nne! Yaani tisini na sita ni salama. Unaacha paa kwa sababu ya nne?"

"Na nikianguka jikoni na sufuria ya mafuta?"

"Usiseme hivyo."

"Basi si unaona."

Alinyamaza siku mbili, kisha akaniletea chai kitandani, jambo ambalo halifanyi hata Idi. Nikajua amekubali.

Ubora wa kwanza wa huduma hii ni hesabu hiyo. Wa pili sikuujua mpaka mama wakili aliponieleza: kwa sheria ya 1996, ukilipwa kwa njia hii kisha ugonjwa ule ukakuua, waliokutegemea bado wanaweza kudai, ingawa watapunguziwa kile ulichokwisha kulipwa kwa miaka ambayo hukuiishi. Kwa malipo ya kawaida ya kumaliza madai, ukifa umekufa na kesi yako. Yule mzee wangu hili ndilo lililompa usingizi, kwa ajili ya mkewe.

Wa tatu ni karatasi yenyewe. Kurasa chache, lugha kavu, lakini kila kitu kimetajwa: ugonjwa ni kifafa, muda ni miaka 20, mwisho Juni 2042. Faili inatunzwa na mahakama, ripoti za daktari zikiwamo, ili jaji wa baadaye asianze kuuliza nilikuwaje. Kikija kifafa, hakuna kubishana tena nani alikuwa na kosa. Natoa notisi ya siku 28 kwa upande wa pili, kisha naomba.

Sasa kwa nini nimenyima nyota ya tano.

Huduma hii haipatikani kwa simu na bima. Lazima kesi ifunguliwe mahakamani, tena ndani ya miaka mitatu kwa kawaida, na lazima fidia ya muda iombwe ndani ya hati ya madai. Hata pande mbili zikikubaliana, ni mahakama inayotoa amri. Hapo nikamwelewa wakili wangu wa kwanza. Ofisi inayoishi kwa kumaliza faili nyingi upesi haina hamu na faili ambayo haifungwi. Mimi nilipofika ghorofani juu ya duka la miwani, ilikuwa imebaki miezi minne tu muda uishe, na mama wakili aliwasilisha hati mwezi wa mwisho. Usingizi nilioukosa miezi hiyo hakuna anayeulipia.

Kuhusu ada, ile nyongeza anayochukua wakili wa hushindi hulipi akishinda haizidi asilimia 25 ya fidia ya maumivu na ya hasara iliyokwisha kupita. Pesa za hasara ya mbele haziguswi. Soma mkataba wako, usiamini simu.

Halafu kuna lililoniuma hasa. Nina kichwa kinachogonga kila mabadiliko ya hali ya hewa, na nimeanza kusahau. Juzi nimempa bibi mmoja chai mara mbili na dawa, namshukuru Mungu, mara moja. Nilitaka na hayo yaandikwe: vikizidi, nirudi. Mama wakili akatikisa kichwa, akanitajia kesi ya Willson dhidi ya Wizara ya Ulinzi, iliyochapishwa 1991. Mtu aliumia kifundo cha mguu kazini akataka aachiwe mlango endapo baridi yabisi itamzidia. Jaji akakataa. Tangu hapo wanataka mambo matatu: nafasi inayopimika, si ya kubuni tu, hali mbaya kwelikweli, si kuzidi kidogo, na tukio linalojulikana limetokea au halijatokea. Kifafa hutokea ama hakitokei. Saratani ya asbesto vivyo hivyo. Baridi yabisi huja kama kutu, leo hivi, mwakani zaidi kidogo, na hakuna siku utakayosema ndiyo hii. Na kusahau kwangu ni kutu. Kwa hayo nililipwa papo hapo, kwa kukisia, kama alivyolipwa bwana Fetter.

Naelewa wanaogopa nini, kwamba kila mtu atarudi kila mwaka na goti lake. Lakini majeraha mengi ninayoyaona kazini kwangu ni ya kutu, na mageuzi haya yamewaacha wenye nayo palepale.

Pia ni mara moja tu kwa kila ugonjwa ulioandikwa. Nikiomba mapema kifafa kikiwa chepesi, halafu kikawa kizito, basi. Itabidi nijue kusubiri, na mgonjwa si mtu wa kusubiri. Wenye majeraha makubwa zaidi wana njia nyingine, tangu Aprili 2005 jaji anaweza kuamuru walipwe kila mwaka maisha yao yote badala ya mkupuo, lakini hiyo sikuihitaji na siipimi.

Nikilinganisha na nyumbani, kaka yangu wa Bamburi aligongwa akiwa kwenye boda boda mwaka 2016. Paja likatiwa chuma. Alilipwa, akaweka sahihi karatasi ya kumaliza madai, tukala pilau. Ulipofika wakati wa kutoa chuma, pesa zilikuwa zimekwisha na kwenye hati yake ya madai hakuna aliyekuwa ameandika gharama ya kukitoa. Kenya gharama ya matibabu ya mbele hulipwa, lakini Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2004, katika kesi ya Kenya Bus Services dhidi ya Gituma, kwamba ni lazima itajwe kwenye hati ya madai. Mstari mmoja tu. Chuma kilitolewa kwa harambee, na mchango wangu ulitoka kwenye zamu za usiku. Kwa hivyo ukiwa na kesi, popote ulipo, mwulize wakili wako swali hili kabla hujashika kalamu: ya mbele umeyaandika wapi? Akikuambia yamo humo, mwambie akuonyeshe mstari.

Mimi karatasi yangu iko kwenye bahasha ya plastiki, ndani ya mkoba wa pasipoti, juu ya kabati. Nasra, ambaye siku ile alikuwa na miaka 13, nilimwonyesha.

"2042 mimi nitakuwa na thelathini na tatu, Mama."

"Ndiyo. Na mimi huenda nimesahau. Andika kwenye simu yako."

Akaandika "Kichwa cha Mama", akaweka tarehe, akatia kengele ilie mwezi mmoja kabla. Nikamwambia mwezi hautoshi, muda huo unaweza kuombewa nyongeza, na wakili anataka nafasi ya kuandaa ombi. Akabadilisha ikawa mwaka.