Magdalene Odundo na Jamaa za Vyungu Vyake: Maonyesho ya Wakefield

Maonyesho ya mfinyanzi Magdalene Odundo, The Journey of Things, yaliyofunguliwa tarehe 16 Februari 2019 katika jumba la sanaa la The Hepworth Wakefield, kaskazini mwa Uingereza, yalithubutu kufanya jambo ambalo wasanii wengi wenye jina hulikwepa, nalo ni kumweka msanii hadharani pamoja na wale aliojifunza kwao. Vyombo vyake zaidi ya 50 vilipangwa kati ya vitu vya Misri na Ugiriki ya kale, vyungu vya Afrika, Asia na Amerika ya Kati, mavazi na vitambaa vya Uingereza ya zama za Elizabeth wa Kwanza, na kazi za wachongaji Rodin na Barbara Hepworth, mchoraji Degas na mfinyanzi Lucie Rie. Mtazamaji alipewa nafasi ya kulinganisha papo hapo, na katika mazingira ya namna hiyo msanii ambaye hajaiva huumbuka. Odundo haumbuki.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akapata elimu yake ya mwanzo India na Kenya, kisha akasomea sanaa ya matangazo kabla ya kwenda Uingereza mwaka 1971. Mapenzi ya udongo yalimwingia akiwa huko ugenini. Katikati ya miaka ya 1970 alisafiri hadi kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria, mji ambao sasa huitwa Suleja, kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew, na hapo akajifunza kwa Ladi Kwali, mfinyanzi wa kabila la Gwari ambaye picha yake imo kwenye noti ya naira 20. Hivyo binti wa Nairobi alipitia Uingereza ndipo akafika Nigeria kufundishwa kufinyanga kwa mikono bila gurudumu, kazi ambayo akina mama wa Kiluo na wa Kikamba wameifanya tangu enzi. Sisemi hivyo kwa kumkejeli, kwani shule zetu za wakati ule, na nyingi za leo, hazikuuhesabu ufinyanzi kuwa elimu.

Namna ya kutengeneza vyombo hivi inafaa kuelezwa, kwa kuwa uzuri wake wote umetokana nayo. Odundo huanza na donge la udongo, akalitoboa katikati na kuzivuta kuta zake kwenda juu, kisha akaongeza kamba za udongo moja juu ya nyingine huku akikwangua kwa kipande cha kibuyu mpaka ukuta uwe mwembamba na sawasawa. Chombo kikishakauka kiasi, hukisugua, hukipaka uji mwepesi wa udongo uliochujwa sana, kisha hukisugua tena kwa mawe laini mpaka king'ae. Mng'ao huo unatokana na mkono peke yake, bila ule utando wa kioo tunaouona kwenye sahani za dukani. Moto wa kwanza, wenye hewa ya kutosha, hutoa wekundu unaoelekea rangi ya chungwa. Chombo kinachokusudiwa kuwa cheusi hurudishwa tanurini kikiwa kimefungiwa pamoja na vitu vinavyotoa moshi, ili kikose hewa na moshi uingie katika ngozi yake. Vyekundu na vyeusi vyote ni udongo mmoja, na tofauti yao imeletwa na moto.

Ukisogea karibu na mojawapo ya vyombo vyeusi, unaona kwamba weusi wenyewe si wa namna moja, maana umepenyezwa na mabaka ya rangi ya chungwa mahali ambapo moshi haukufika vizuri. Tumbo ni la mviringo kamili, shingo imerefuka na kuegemea upande kidogo, kama mtu aliyeitwa akageuza kichwa, na mdomo umepanuka kuwa sahani iliyoinama. Kwenye bega au mgongoni mwa baadhi ya vyombo zimebandikwa chunusi ndogo za udongo, ambazo mmoja ataziona kuwa pingili za uti wa mgongo na mwingine atasema ni chale za urembo. Kiswahili hakipati taabu hapa, kwa sababu chungu chetu kina tumbo, shingo na mdomo tangu zamani, na mtazamaji aliyekulia katika lugha hii haoni ajabu kuambiwa kwamba vyombo hivi ni miili. Kinachomshangaza ni jinsi miili hiyo inavyosimama juu ya kitako kidogo mno bila kuyumba. Vyombo hivi havikuumbwa kutiwa maji wala pombe. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, lakini gae la chombo cha Odundo lingepelekwa moja kwa moja kwenye makumbusho.

Kuhusu mpangilio, ujirani wa vitu ulifaulu zaidi pale ambapo hoja yake ilionekana kwa macho. Kola zilizokunjwa za Waingereza wa karne ya 16 zinafafanua midomo mipana ya vyungu kuliko maelezo yoyote ya ukutani, na kazi za Ladi Kwali zinaonyesha wazi deni ambalo mwanafunzi wake hajalificha. Rodin na Degas, kwa maoni yangu, hawakuhitajika sana, na nahisi wamealikwa ili kumthibitishia mgeni mwenye shaka kwamba ufinyanzi ni sanaa kubwa, jambo ambalo vyungu vyenyewe vimekwisha kulithibitisha. Ningependelea nafasi hiyo wapewe wafinyanzi wa Afrika Mashariki, ambao katika safari hii ndefu ya vitu walionekana kwa uchache.

Sikuvutwa vilevile na Transition II, kazi ya mwaka 2014 yenye vipande 1,001 vya kioo kilichopulizwa, vilivyoning'inizwa kutoka darini. Ni kazi ya kupendeza, na huenda wageni wengi waliipiga picha kuliko nyingine yoyote, lakini kioo hakibebi alama ya mkono kama udongo unavyobeba, na wingi wa vipande unachukua nafasi ya ule utulivu wa chombo kimoja kilichofikiriwa mpaka mwisho.

Maonyesho yalikuwa Wakefield mpaka tarehe 2 Juni 2019, kisha yakahamia jumba la sanaa la Sainsbury Centre mjini Norwich kuanzia Agosti mwaka huo. Ningemshauri mgeni avipite vitu vya majirani kwa mara ya kwanza bila kusimama, avitazame vyungu vya Odundo peke yake na kuvizunguka pande zote, kwa kuwa vingi havifanani mbele na nyuma, na baada ya hapo ndipo arudi kusoma maelezo na kutafuta nani ni jamaa ya nani.