Runinga ya inchi 43 hadi 50 kwa sebule ya Tanga: namna ya kupima picha na sauti, na ipi itangulie

Mwaka juzi nilinunua runinga ya inchi 43 katika duka moja la Ngamiani, nikaisindikiza kwa bajaji hadi Mikanjuni huku nimeikumbatia kwa mikono miwili. Dukani ilikuwa inang'aa kuliko zote zilizoizunguka. Saa kumi jioni, nilipoiwasha sebuleni, nikaona juu ya kioo chake dirisha langu, pazia langu na kanga mbili zilizoanikwa uani, vyote vikiwa wazi kuliko uso wa msomaji wa habari. Ilikuwa runinga ya dabo glasi, ile yenye kioo cha ziada kilichobandikwa mbele ya kioo chenyewe, na muuzaji hakunidanganya kwa neno hata moja, kwa sababu mimi ndiye niliyeipima chini ya taa za dukani ilhali nilitaka kuitazama mbele ya dirisha la nyumbani.

Kwa kuwa kosa hilo ni la wengi, naanza na upimaji, kisha nitapanga chaguo kuanzia la kwanza hadi la mwisho.

Kabla ya kwenda dukani, chukua futi kamba upime umbali kutoka kochi hadi ukuta utakaobeba runinga. Kwangu ni mita 2.6. Jicho zima huweza kutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa pembe ya sehemu moja ya 60 ya digrii, na ukilifanyia hesabu jambo hilo utaona kwamba kioo cha inchi 43 chenye nukta 1920 kwa 1080, yaani Full HD, huacha kuonyesha nukta zake ukikaa mbali nacho zaidi ya mita 1.7, na cha inchi 50 zaidi ya mita 2. Hii ina maana kwamba mtu aliyekaa mita 2.6 kutoka kwenye inchi 43 hanufaiki na nukta za ziada za 4K, yaani nukta 3840 kwa 2160, hata kama boksi limeandikwa kwa herufi za dhahabu. Runinga nyingi za ukubwa huu kutoka kwa watengenezaji wakubwa siku hizi ni 4K hata hivyo, na hakuna ubaya wa kuichukua. Ubaya ni kuiongezea fedha hiyo 4K peke yake ukaacha mambo ambayo jicho lako linayaona kila usiku. Jihadhari pia na boksi lililoandikwa kwamba runinga "inakubali 4K". Maneno hayo mara nyingine humaanisha kwamba inaweza kupokea picha ya 4K na kuipunguza iingie kwenye kioo cha HD cha kawaida.

Kumbuka vilevile kwamba tangu nchi ilipoanza kuzima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, wengi wetu tunatazama kupitia king'amuzi, na sehemu ya chaneli hizo bado hurushwa kwa mistari 576. Runinga ya 4K yenye mistari 2160 hulazimika kuibuni mistari iliyosalia, na ndipo runinga nzuri na mbaya zinapoachana njia: moja itakupa uso wenye mipaka safi, nyingine itakupa uso kama ulioundwa kwa nta, wenye utando unaotetemeka pembezoni mwa nywele. Mwombe muuzaji aweke chaneli ya kawaida ya king'amuzi badala ya ile video ya maua na ndege inayokuja na runinga, kwani hiyo imetengenezwa ili hata kioo kibovu kionekane kizuri.

Jambo linaloamua uzuri wa picha kuliko idadi ya nukta ni umbali uliopo kati ya weusi wa kioo na weupe wake. Vioo vya LED, yaani vile vinavyomulikwa na taa ndogo zilizoko nyuma yake, viko vya aina mbili kubwa sokoni, VA na IPS. VA huzuia vizuri taa za nyuma, hivyo weupe wake huwa angavu mara 3000 au zaidi kuliko weusi wake. IPS hufika mara 1000 hivi, na usiku taa zikizimwa weusi wake huonekana kama kijivu cha jivu la mkaa. Lakini IPS huhifadhi rangi zake ukiitazama kutoka ubavuni, wakati VA hupauka pale mtazamaji anapokaa pembeni. Mara nyingi LG hutumia IPS, na Samsung, Hisense na TCL hutumia zaidi VA, ila modeli moja yaweza kutoka kiwandani na aina zote mbili, kwa hiyo amini macho yako kuliko jina. Simama mbele, kisha sogea hadi kwenye kona ya duka: rangi zikififia, hiyo ni VA.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote nimekitoa kwenye harusi ya nyumbani. Ninayo flashi yenye kipande cha dakika mbili, kilichopigwa usiku, cha kina mama wanaoingia ukumbini wakiwa wamevaa mabuibui. Runinga nzuri huonyesha mikunjo ya buibui, tarizi nyeusi juu ya kitambaa cheusi, na mpaka kati ya nguo ya huyu na ya jirani yake. Mbovu hugeuza kundi zima kuwa doa moja la wino lenye nyuso zinazoelea juu yake, na hata nyuso hizo, kwa watu wenye ngozi nyeusi tititi, hubaki macho na meno. Viwanda hupenda kuonyesha mandhari ya theluji na majengo ya vioo. Sisi tunataka kumtambua shangazi aliyekaa safu ya nyuma. Kipande hichohicho kina mwanamke aliyejifunga kanga, na usemi wa kanga yake unasomeka vizuri kwenye simu yangu: ikiwa usemi huo hausomeki kwenye kioo cha inchi 43 nikiwa mita mbili na nusu, basi hakuna ukali wa picha wa kuzungumzia.

Kabla ya kuweka flashi, mwombe muuzaji aitoe runinga kwenye hali ya duka. Hali hiyo hupandisha mwanga hadi mwisho na kuisukuma rangi nyeupe iwe ya buluu, ili runinga ishindane na jirani zake ukutani. Chagua hali ya sinema au ya kawaida. Mwanzoni picha itaonekana ya njano kidogo. Subiri dakika tano, macho yatazoea, na shati jeupe litarudi kuwa jeupe.

Kwa mpira, tafuta mechi ambayo kamera inafuata mpira kwa haraka kutoka goli hadi goli, iwe ya Coastal Union pale Mkwakwani au nyingine yoyote. Tazama nyasi, wala si wachezaji. Kama kuna mistari ya wima au madoa yanayobaki palepale wakati uwanja unasogea, taa za nyuma hazikupangwa sawa, na ukishayaona hutaacha kuyaona tena. Halafu tazama jezi nyekundu ya Simba na ya njano ya Yanga: nyekundu isielekee kwenye rangi ya machungwa, na njano isiwe kijani. Namba kubwa za kasi ya picha zilizoandikwa kwenye boksi zipuuze, kwani runinga nyingi za ukubwa na bei hii huonyesha picha 50 au 60 kwa sekunde, na maneno yaliyobaki ni ya biashara. Halikadhalika HDR, yaani picha iliyotengenezwa iwe na mwanga mkali zaidi na giza zito zaidi: kwenye kioo chenye mwanga hafifu, maandishi hayo hayaongezi kitu.

Sauti ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo inayochosha watu nyumbani. Runinga imekuwa nyembamba, spika zake zimekuwa ndogo kama kiberiti na nyingi huelekea chini, hivyo maneno hugonga meza au ukuta kabla ya kutufikia. Kwa kawaida utaona wati 8 na 8, au 10 na 10. Hizo zinatosha sebule ya kawaida kwa ukubwa wa sauti. Kisichotosha ni uwazi. Simama nyuma ya runinga au uipe mgongo, feni ya duka ikiwa inazunguka, msikilize msomaji wa habari kwa sauti ya kiwango cha mazungumzo. Herufi za s, sh, f na th hukaa juu katika masafa ya sauti, na spika duni huzila. Ukishindwa kujua kama amesema sisi au fisi, basi nyumbani, chini ya pangaboi, huku mvua ya masika ikipiga mabati, utaongeza sauti hadi majirani walalamike na bado hutaelewa.

Kisha pandisha sauti hadi robo tatu na uguse mgongo wa runinga kwa kiganja. Plastiki ikikwaruza au kutetemeka kwa mlio wake yenyewe, kataa. Mimi humalizia kwa taarabu, na kwa mtu wa mji uliolea vikundi vya Black Star na Lucky Star sioni kipimo kingine. Fidla isichome sikio, mwimbaji asimezwe na kinanda, na gitaa la besi lisikike kama noti na si kama ngurumo. Hapa lazima niseme kweli: uzi mnene wa gitaa la besi hutoa mtetemo wa mara 41 kwa sekunde, na hakuna spika ya runinga ya inchi 43 inayoweza kuufikisha hapo. Ndiyo maana nashauri kwamba mwenye shilingi 800,000 atenge 150,000 kwa ajili ya sauti, na anunue runinga kwa kilichobaki.

Sabufa iliyopo nyumbani inaweza kutosha, ila angalia matundu kwanza. Sabufa nyingi huunganishwa kwa nyaya nyekundu na nyeupe, na runinga mpya nyingi zimeondoa njia hiyo ya kutoa sauti. Utahitaji waya unaotoka kwenye tundu la hedifoni, kama lipo. Kwa sauti ya spika ndefu ya kuweka chini ya kioo, tafuta tundu la HDMI lililoandikwa ARC, lile linaloweza kutoa sauti ya runinga kwenda kwenye spika. Bluetooth itumike kwa muziki tu, kwa sababu huweza kuchelewesha sauti, na mtu akafunga mdomo kabla neno halijafika. Wati elfu kadhaa zilizochapwa kwenye boksi la sabufa kwa kipimo cha PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, hazina maana yoyote.

Sasa mpangilio wangu. Nafasi ya kwanza naipa runinga ya inchi 43 yenye kioo cha VA kisichong'aa, taa zilizopangwa nyuma ya kioo kizima, pamoja na tundu la ARC, ikisindikizwa na spika ya nje ya bei ya wastani. Iwe 4K au Full HD, kwa umbali wa sebule zetu sitagombana na mtu. Ya pili ni inchi 50 ya aina hiyohiyo, ikiwezekana QLED, yaani LED yenye tabaka la chembe ndogo za kuongeza rangi, kwa ajili ya rangi zake pana, lakini kwa mwenye mita 3 za kukaa na fedha inayobaki kwa sauti. Asiye nayo atakuwa amenunua picha kubwa ya watu wasiosikika.

Ya tatu ni inchi 43 ya IPS, na kwa nyumba moja naipandisha iwe ya kwanza: ile ambayo siku ya mechi watu hujaa hadi mlangoni na nusu yao hutazama kutoka ubavuni. Ya nne ni OLED ya inchi 42, ambayo kila nukta huwaka na kuzima yenyewe, na mikunjo ya buibui juu yake huonekana kama unaweza kuishika. Nimeiweka chini kwa bei, na kwa sababu nembo ya chaneli au ubao wa magoli unaokaa mahali pamoja kwa saa nyingi kila siku, mwaka baada ya mwaka, unaweza kuacha alama ya kudumu.

Ya mwisho ni dabo glasi yenye kioo cha HD na maneno ya 4K kwenye boksi. Naikubalia jambo moja, kwamba mpira wa mtoto ukiigonga yaelekea itapona. Ukiwa na watoto wanne na sebule isiyo na dirisha mkabala, huenda tusikubaliane.

Kabla ya kulipa, weka picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, utafute nukta zilizokufa na mwanga unaovuja pembeni. Chukua risiti ya EFD na karatasi ya waranti iliyoandikwa namba ya runinga hiyohiyo. Duka likikataa flashi yako, nenda la pili. Ngamiani halikosi duka jingine hatua ishirini mbele. Nyumbani, weka kifaa cha kukata umeme unapopanda au kushuka, kisha teremsha mwanga wa nyuma hadi nusu au zaidi kidogo. Ile runinga ambayo fundi huletewa "ina sauti, haina picha" mara nyingi ni taa zake za nyuma zilizoungua kwa kuwashwa hadi mwisho kila siku; mulika kioo kwa tochi na utaiona picha ikiendelea gizani.