Panya ndani ya nyumba: ununue nini kwanza

Mahindi yakivunwa kati ya Juni na Agosti, na baridi ya Mbeya, Iringa na Njombe ikiwa imekaza, panya huacha mabua shambani na kuyafuata magunia ndani. Hapo watu wengi hukimbilia sumu. Tafadhali usianzie huko. Sumu humuua panya aliyemo, lakini tundu alilopitia linabaki wazi kwa wenzake.

1. Wavu wa chuma na saruji. Pesa ya kwanza iende hapa. Omba wavu mgumu wenye matundu ya milimita 6, aina ile mafundi wanayochekechea mchanga. Wavu wa kuku haufai kwa sababu panya wadogo hupenya, na ule wa plastiki wa mbu hutafunwa. Pima matundu ya nyumba kwa penseli: inapoingia, panya mdogo anaingia.

Anza juu, pale bati linapokutana na ukuta. Kila mgongo wa bati huacha uwazi, na panya wa darini hupanda ukuta usiopigwa plasta bila shida. Kata ukanda wa wavu wa sentimita 15, uukunje ufuate migongo, upigilie kwenye mbao, kisha ukingo wa chini uushike kwa saruji ndoo moja kwa mchanga ndoo tatu. Shuka kwenye bomba la sinki na matundu ya nyaya: shindilia stilwaya ya kusugulia masufuria, halafu saruji juu yake. Saruji peke yake, ikiwa bado mbichi, hufukuliwa usiku huohuo. Chini ya mlango pigilia kipande cha bati, mwanya usizidi milimita 6.

2. Mitego ya kubana. Inunuliwe siku ileile ya kuziba, maana waliofungiwa ndani wataanza kutafuna watafute pa kutokea. Nunua mingi, sita au zaidi. Mtego mmoja kwa nyumba nzima ni kupoteza muda. Dukani, jaribu springi: ikifyatuka kwa ulegevu, rudisha. Ule mdogo wa panya wadogo hautamuweza panya mkubwa, atauburuta.

Panya hutembea akigusa ukuta, kwa hiyo mtego ukae kama herufi T, upande wa chambo ukigusa ukuta. Chambo kiwe cha ukubwa wa punje ya harage: karanga za kusaga, au dagaa aliyefungwa kwa uzi ili asinyakuliwe. Panya wakubwa huogopa kitu kigeni. Waachie mitego yenye chambo bila kuitega kwa siku tatu nne, wazoee kula, ndipo uitege yote usiku mmoja.

3. Kihenge cha chuma au pipa lenye mfuniko wa kubana. Kwa mwenye magunia ya mahindi au maharage ndani, hiki kingeweza kuwa cha pili. Mifuko ya kuzuia hewa huwaua dumuzi vizuri sana, ila panya huitoboa.

4. Mtego wa kizimba. Ni salama penye watoto na kuku, lakini ukague kila asubuhi.

5. Gundi. Vumbi likitua juu yake haishiki tena, na panya aliyenaswa huteseka kwa saa nyingi. Hatuipendi.

6. Sumu. Iwe ya mwisho, na iwe kwenye pakiti yenye lebo na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya serikali inayosimamia viuatilifu Tanzania. Vipakiti vya unga visivyo na jina usiviguse. Sumu za kuzuia damu kuganda huchukua siku kadhaa kuua, na panya hufia darini akaoza huko. Paka au bundi akimla, naye yumo hatarini. Iwekwe ndani ya kisanduku kinachofungwa, mbali na chakula.

7. Vifaa vya sauti vya kuchomeka ukutani. Usinunue. Panya huzoea, na sauti hiyo haipenyi ukuta wala magunia.

Ongeza jiki na glavu kwenye manunuzi. Mkojo wa panya unaweza kubeba homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022. Kinyesi kisifagiliwe kikavu: lowesha kwa jiki sehemu moja na maji sehemu tisa, subiri dakika 10, kisha ukifute kwa karatasi na kuitupa.