Catalyst 3750 ya mtumba na IPv4 + IPv6 kwa pamoja, uzoefu wangu

Wakuu, hizi swichi za Cisco, Catalyst 3750 za mtumba zinazouzwa Kariakoo, watu wanaulizia sana kama zinabeba IPv6 (anwani mpya za intaneti) huku IPv4 (zile za zamani) ikiendelea kama kawaida. Zinabeba. Ya kwetu ofisini inapiga hiyo kazi mpaka leo na sina mpango wa kuitoa, ila kuna mambo ujue kabla hujatoa hela.

Kwa nini nilihangaika kwanza. IPv4 Afrika zimebaki za kugombania, AFRINIC, wanaogawa anwani za intaneti Afrika, tangu Januari 2020 wako kwenye awamu ya pili ya kubana matumizi, kampuni ikiomba inapewa isiyozidi anwani 1,024 kwa mkupuo, sasa hao wanaotuuzia intaneti nao wanabana. Sisi tulipewa IPv4 za kuhesabu kwa vidole lakini IPv6 tukapewa fungu zima la /48, hiyo ni subneti (vipande vya mtandao) 65,536 za /64, kila VLAN (mtandao mdogo ndani ya swichi) inapata yake na chenji inabaki ya kumwaga. Kuhamia IPv6 moja kwa moja haiwezekani, printa na kamera zetu na kile kimashine cha kugusa kidole asubuhi vinaijua IPv4 tu, kwa hiyo lazima zote mbili ziishi pamoja.

Haya, uhondo uko hapa. Hii swichi ukiitoa kwenye boksi ukaanza kuandika komandi za IPv6 inakupa onyo, maana templeti yake ya kawaida (mpango wa kugawa memori) haijatenga nafasi ya IPv6 kabisa. Unaandika `sdm prefer dual-ipv4-and-ipv6 default`, unasevu, halafu LAZIMA uizime na kuiwasha, hakuna njia ya mkato, kwa hiyo fanya usiku au Jumapili watu wakiwa hawapo. Ikirudi ndio unaweka `ipv6 unicast-routing` na kugawa anwani kwenye VLAN zako.

Sasa angalia bei unayolipa. Swichi ina memori maalum inaitwa TCAM, ndio inayoifanya ipitishe paketi kwa spidi bila kusumbua CPU, na hiyo memori haiongezeki, ni chumba kimoja cha kupanga umekigawa kwa pazia wakae wapangaji wawili. Kwa templeti ya kawaida unapata anwani za MAC (namba za vifaa) kama elfu 6 na ruti (njia) za IPv4 kama elfu 8, ukihamia hii ya pamoja MAC zinashuka mpaka kama elfu 2, ruti za IPv4 kama elfu 3, na IPv6 inapewa kama elfu 2 za vifaa vilivyo jirani na elfu 1 za ruti za mbali. `show sdm prefer` itakuonyesha yote haya. Ikijaa, kinachozidi kinaangukia kwa CPU, na CPU ya hii mashine ni ya kizamani aisee, utasikia watu wanalalamika neti nzito na hujui pa kuanzia.

Halafu msidanganyike na hiyo elfu 2 mkadhani ni vifaa elfu 2. Simu moja kwenye IPv6 inajipa anwani mbili tatu, kuna ya kudumu na kuna za muda inazobadilisha kwa ajili ya faragha, kwa hiyo kila mtu hesabu mara tatu hivi. Ofisi ya watu mia inatosha na kubaki. Hosteli ya chuo, hapana, tafuta kitu kingine.

Kingine ni simu za Android, usitegemee DHCPv6 kuzigawia anwani kama ulivyozoea kwenye IPv4, ziachie zijitengenezee zenyewe kutokana na matangazo ambayo swichi inatoa kwenye VLAN. DNS (ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani) usiumize kichwa, zitaendelea kuuliza kupitia IPv4 na majibu ya IPv6 yanakuja humohumo.

Na hili wengi wanalisahau: akses listi (sheria za nani apite na nani azuiwe) za IPv4 hazigusi IPv6 hata kidogo. Umefunga VLAN ya wageni isifike kwenye seva? Kwa IPv6 mlango uko wazi mpaka uandike listi ya pili na kuibandika kwa `ipv6 traffic-filter`. Kwa hiyo kila sheria unaiandika mara mbili, inachosha kweli. Na ukimalizia na `deny ipv6 any any` ya kuandika mwenyewe, ruhusu kwanza nd-ns na nd-na (jumbe ambazo vifaa vya IPv6 vinatumia kutafutana) juu yake, la sivyo vifaa havitaonana kabisa, ukiacha ile `deny` ya kujificha iliyo mwishoni mwa kila listi ifanye kazi yake hizo mbili zinapita zenyewe.

Kwa upande wa watumiaji hakuna aliyejua kitu kimebadilika, brauza inajaribu IPv6 kwanza ikichelewa kidogo tu inarukia IPv4.

Ukienda dukani beba laptop na kebo ya konsoli, mwambie muuzaji aichomeke umeme upige `show version`, maana si kila imeji (programu inayoendesha swichi) inaruti IPv6 vizuri, IP Services ndio ya uhakika. Akikataa kuichomeka nenda duka la pili, ziko nyingi.