Ripoti za NHC za kupima makosa ya utabiri wa vimbunga: nyota 4 kati ya 5

Kwa nyie mnaofuatilia vimbunga toka Hidaya ilivyotua Mafia Mei 2024, hii kitu muione. NHC ndo kituo cha vimbunga cha Marekani, kipo Miami, na kila mwaka wanatoa ripoti ya wapi utabiri wao wenyewe ulikosea na kwa kiasi gani, bure kabisa, unapakua tu.

Kipimo chenyewe kinaeleweka. Walisema kitovu cha kimbunga kitakuwa hapa, baadae data zote zinachambuliwa upya inaonekana kilikuwa pale, umbali wa katikati ndo kosa. Afu wanajilinganisha na modeli (hesabu ya kompyuta ya kukadiria) moja nyepesi sana inayokadiria kwa historia ya vimbunga vya nyuma na mwendo wa kimbunga cha sasa basi, maana kama huwezi kuishinda hiyo utabiri wako hauna kazi. Hapo ndo waliponikamata, ni wachache sana wanaokubali kupimwa hivi hadharani.

Kwenye njia ya kimbunga wako vizuri mno, kosa la siku 3 mbele limeshuka zaidi ya nusu toka miaka ya 1990, sasa hivi wastani ni kama maili za baharini 100 au pungufu. Ila jamani hizo 100 ni kilomita 185, karibu Dar mpaka Morogoro! Na ile pembe nyeupe ya kwenye ramani zao, yaani eneo ambalo kitovu kinatarajiwa kupita, imechorwa kwa makosa ya miaka 5 iliyopita, mara 2 kati ya 3 kitovu kinabaki ndani, kwa hiyo ukiwa nje kidogo ya pembe usilale.

Nguvu ya upepo ndo bado shughuli. Kimbunga Otis, Oktoba 2023, upepo uliongezeka karibu kilomita 185 kwa saa ndani ya siku moja, kikapiga Acapulco, Mexico, kikiwa daraja la 5, la juu kabisa, wakati siku moja kabla hakuna modeli iliyoonyesha balaa la hivyo. Wameliandika kosa hilo wazi, hawajalificha.

Nyota moja nimekata kwa sababu ni majedwali mengi, Kiingereza kizito, na wanahusika na Atlantiki na Pasifiki ya mashariki tu. Kimbunga kikija huku kwetu fuata TMA (mamlaka ya hali ya hewa Tanzania) na kituo cha Wafaransa kilichopo kisiwa cha Réunion.