Nilimpeleka Bibi studio, akainuliwa kitini

Nianze na kiti, maana hayo mengine ningeyameza.

Bibi yangu ana picha mbili tu duniani: ya kitambulisho, na moja ya harusi ya mamangu ambayo ameonekana bega. Basi mwaka huu, Ramadhani ilikuwa imeshakaribia nadhani, nikampeleka kupigwa picha ya maana kwenye studio moja hapa Lamu, ndani ndani huko, ukishapotea mara mbili kwenye vichochoro ndiyo unafika. Nyumba ya kale, ngazi za mawe ndefu, na magoti ya Bibi si ya jana. Kufika juu anahema. Akaona kiti cha enzi kando ya mlango, akakaa.

Mpiga picha hakuinua hata macho kwenye simu. "Bi mkubwa, hapo usikae. Hicho ni cha kupigia picha, mia tatu zaidi."

Hajaitikia salamu. Maji hajampa. Bibi akainuka taratibu, mkono ukutani.

Jamani, kiti cha enzi! Kiti kilichokuwa kikiwekwa nyumbani kwa ajili ya mzee na mgeni wa heshima, leo mzee anainuliwa na mgeni analipishwa. Na chenyewe si cha kale wala nini. Penye pembe za ndovu pamebandikwa plastiki nyeupe, na kwenye kibao cha kuwekea miguu kuna msumari umetokeza kichwa. Msumari huo niliukodolea macho muda mrefu ili nisimtazame yeye. Na Bibi siku hiyo alijitanda leso yake nyekundu, jina lake "Mgeni njoo mwenyeji apone". Sijui kama huyo bwana anajua kusoma.

Mia tatu nilikuwa nayo pochini. Nilipotia mkono Bibi akanifinya.

Vikorombwezo vyake vingine ni vichekesho: maua ya plastiki yenye vumbi, simu ya mezani isiyo na waya, pazia lenye picha ya maporomoko ya maji (sisi, watu wa kisiwani, tutafute maji ya kuchorwa?). Bibi alivikataa vyote kwa kidole kimoja.

Sasa niseme kweli, na inaniuma kuisema: mwanga anaujua. Alizima taa ya mrija kwanza, akasema ikichanganyika na mwanga wa nje rangi ya uso haieleweki. Akafungua dirisha la upande wa kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba. Jua lenyewe haliingii pale, linapiga ukuta wa chokaa wa ng'ambo, halafu linarudi chumbani limepoa kama chai iliyomiminwa sahanini. Tulikuwa tumeambiwa tuje baada ya saa kumi, nikaudhika, kumbe ana sababu. Huku kwetu karibu na ikweta jua la mchana linakaa utosini, ukipigwa picha uwanjani macho yanageuka mashimo. Ukuta wake mmoja ni wa kijani. Akamsogeza Bibi hatua mbili mbali nao, "kijani hicho kitampanda shavuni." Upande wenye kivuli akatundika shuka nyeupe irudishe nuru kidogo. Hata buibui jeusi la Bibi alilifikiria: alisema kamera ikiona weusi mwingi hudhani kuna giza, ikaongeza mwanga mpaka uso ukaungua, kwa hiyo yeye alipima shavuni. Dakika hizo ungedhani ni mtu mwingine kabisa. Sauti ya chini, "Bi, geuza uso dirishani kidogo, hapo hapo."

Picha tulizipata baada ya siku kadhaa (aliahidi kesho). Mikunjo ya macho yote ipo, hakuifuta kwa programu kama wafanyavyo hawa wengine. Hina ya vidole unaiona ilipoanza kupauka. Ile leso nyekundu imetulia kwenye ukuta mweupe utasema ukuta ulijengwa kuingojea. Nililia pale pale kwenye ngazi. Nilikuwa nimekusudia kumpa nyota moja, nikasema hapana, huyu ni nne.

Nimefika nyumbani, nimeitundika, ndipo nikaona: amesimama. Bibi yangu, na magoti yale, picha pekee ya maana ya maisha yake amesimama, kwa sababu ya mia tatu. Nyota moja! Au mbili, kwa ajili ya dirisha. Msiende. Ama nendeni, lakini wazee wenu wabaki nyumbani. Sijui.

Bibi mwenyewe hana neno. Aliishika picha, akaisogeza mbali kidogo na macho, akasema, "Dirisha lake zuri." Anataka kurudi na leso ya manjano, na safari hii aende na kiti chetu, kile tunachowekea chupa za chai. Nimeulizia punda wa kukibeba. Mia tatu, kwenda tu.