Matairi Mapya ya Trela: Achana na Kashata, Soma Ubavuni

Haya, haya, haya. Assalam aleikum wadau, karibuni tena Tanga. Hata kujitambulisha bado, kwanza tazameni hili dubwana. Mnaliona? Hili lilikuwa tairi. Dogo, sogeza kamera. Eeeh, hapo hapo. Kashata, yale meno ya tairi, zimesimama kabisa, vile vinyweleo vya kiwandani bado viko pembeni, lakini katikati limefunguka kama ndizi iliyomenywa.

Limepasuka chini ya trela la kambi la jamaa yangu wa Raskazone, kati ya Muheza na Hale, akiwapeleka wanawe Lushoto kupiga hema. Lilipoachia, vipande vikachapa madigadi, madigadi ikang'oka, nyaya za taa zikakatika na bomba la maji la jiko dogo la nyuma likaenda nalo. Yeye mbele kafungulia taarabu, hana habari! Ndiyo ubaya wa trela huo. Tairi la gari likipasuka usukani unakwambia. La trela linakufa kimya kimya huko nyuma, unaambiwa na watu. Yeye aliambiwa na dereva wa fuso, honi na taa mpaka akasimama.

Jina la kampuni nimelibandika plasta, plasta ya kidonda kabisa, maana sitaki kuitwa mahali. Na kusema haki kampuni haina lawama. Trela aliuziwa na mtu likiwa limeshafungwa matairi haya, akaambiwa, "Matairi mazima, bado mapya." Kweli yalikuwa yanang'aa. Yamepakwa ile dawa nyeusi.

Leo tunachambua yale yaliyochukua nafasi yake. Ni haya mawili hapa, 195R15C, plai 8, yaani daraja la uimara wa tairi. Jina mtalisoma wenyewe kwenye picha, sijalipwa na mtu. Habari za radial, habari za tyubulesi, mnazijua, ni tairi hizi hizi za vipanya, zimejaa kila duka. Sitaki kupoteza bando lenu.

Ila njooni huku ubavuni. Hapa nitakaa sana leo. Anayetaka kuruka aruke, lakini najua atarudi kwenye maoni kuniuliza.

Chukua chaki. Chaki ya shule, hamna ufundi wowote. Sugua juu ya maandishi, unaona yanavyojitokeza? Weupe juu ya weusi. Sasa soma pale baada ya saizi: 106/104R. Hapa ndipo penye tairi lenyewe, mengine yote ni mapambo. Hiyo 106 si kilo, msije mkasema nimesema kilo 106. Ni namba ya jedwali la uzito, na kwenye jedwali 106 ni kilo 950 kwa tairi moja. Ile 104 ni kilo 900, hiyo ni kwa magari yanayofunga matairi mawili mawili upande mmoja kama fuso. Trela letu lina moja moja, kwa hiyo tunasoma ya kwanza. Moja 950, mawili 1,900. Tuko pamoja?

Sasa lete marehemu. Dogo, usilishike hapo, nyuzi za chuma hizo zitakuchana. Sugua chaki. 195/65R15, halafu... 91H. Umeona? Inchi 15 na lenyewe! Linaingia kwenye ringi ile ile, nati zile zile, ukisimama mbali huwezi kuyatofautisha. Lakini 91 ni kilo 615. Ni tairi la gari dogo la kutembelea hili. Mawili ni kilo 1,230.

Na trela lina kilo ngapi? Hapa watu wengi wanakisia. Mimi sikukisia, tulilipeleka kwenye mizani ya watu wa mazao, tukapandisha ekseli ya trela peke yake huku limefungwa kwenye gari, limejazwa kila kitu kama siku ya safari: tangi la maji lita 100 limejaa, mtungi wa gesi, betri, hema la juu, masufuria ya shemeji. Mizani ikasema 1,380. Haya, piga hesabu mwenyewe. Kila tairi lilikuwa linabeba kilo 690 na kiwandani wamesema mwisho 615. Na hiyo 615 ni pale upepo ukiwa umejaa sawasawa! Ukipungua upepo, na uwezo wa kubeba unapungua. Fundi mmoja wa njiani alimwekea upepo 30, kwa kipimo cha psi cha kwenye geji, "kama gari dogo, mzee." Jua la saa nane, lami inachemka, tairi limezidiwa, upepo mdogo. Ubavu unakunjika na kunyooka, unakunjika na kunyooka, joto linapanda ndani, tabaka za nyuzi zinaanza kuachana na mpira. Kwa macho huoni kitu. Wewe unaona kashata nzuri tu.

Kwa haya mapya, 1,380 ndani ya 1,900, imebaki nafasi ya kilo 520. Hapo napumua. Mimi napenda ibaki angalau moja ya tano, maana barabara ina mashimo na trela linarukaruka, na shemeji ataongeza masufuria.

Bado sijamaliza ubavuni, tulieni. Kuna hili ambalo linanitia hasira kila siku: tarehe. Matairi mengi yana herufi DOT, na mwisho wa ule mstari kuna namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Rahisi kabisa. Ila namba hizo nne, matairi mengi yanaziandika upande mmoja tu! Na fundi naye anafunga tairi bila kuangalia, tarehe inageukia ndani. Kwa hiyo ukitaka kujua umri wa tairi lililoko chini ya trela, fanya hivi. Dogo, nifuate. Unalala chali hivi... shati limeshaharibika... unanyoosha simu nyuma ya gurudumu, unapiga picha, unatoka. Ndiyo, tumetoka na mchanga wote wa Raskazone. Haya kuza picha. 1216. Wiki ya 12, mwaka 2016. Mwezi wa tatu 2016! Hili ni lile pacha lake, lililobaki bila kupasuka. Tairi "jipya."

Trela halitembei kama daladala. Linakaa uani miezi, limeelemea sehemu ile ile, jua linalipiga, upepo unapungua kidogo kidogo. Kashata haziishi kwa sababu halitembei, lakini mpira unazeeka. Pinda hapa ubavuni, mnaona nyufa? Vitu kama nywele. Kampuni nyingi zinasema matairi yakifika miaka 6 yaangaliwe kwa makini au yabadilishwe, na hata yakionekana mazuri yasipite 10. Kwa trela mimi nasema mitano mpaka sita, basi, uza vyuma uende.

Ngoja tumuulize fundi wa matairi mwenyewe. Tuko Ngamiani hapa, barabara ya 12. Fundi, shikamoo.

"Marahaba, mwanangu."

Baba, hili lililobaki ukipewa uliuze, litauzika?

"Kwa kashata hizi? Adhuhuri haifiki."

Na tarehe?

"Tarehe nani anauliza? Anakuja mtu, anachomeka ukucha kwenye kashata, anauliza bei."

Mmemsikia. Halafu mkononi ana kisu, analikata ubavu kabisa lisirudi sokoni. Nimemwomba mimi, na mwenye mali karidhia.

Mapya yetu yanasema 4124, wiki ya 41 ya 2024, na nimemsimamia fundi tarehe zote zitokeze nje. Majirani watacheka, wacheke.

Tupande kwenye upepo sasa, maana hapa kuna jambo dogo linalokula matairi mapya. Haya ya plai 8 yameandikwa ubavuni kwamba kilo 950 zinapatikana kwa upepo 65. Nasi tunaweka 65, tairi likiwa la baridi, asubuhi kabla halijatembea. Ukisimama Segera ukapima ukakuta 70 na kitu, usitoe! Limepata joto tu. Ukiutoa, asubuhi utakuwa na upepo pungufu. Na valvu, angalieni hii ya mpira ya kawaida ya gari dogo: nyingi mwisho wake ni hiyo hiyo 65. Unaiendesha mwisho wa uwezo wake kila siku? Nimewawekea za chuma. Bei yake ni ndogo kuliko chipsi mayai ya watu wawili, sijui kwa nini watu wanaigomea.

Sasa najua kuna mtu ameshaandika, "Kaka, kwa nini usinunue tairi maalumu za trela, zile zenye ST?" Kuna chaneli moja ya Dar, sitaitaja, wanazisifia kama zimeshuka mbinguni. Mimi nilivyokuwa nafikiri, ST ni mbwembwe za Wamarekani. Muda mrefu nyingi zilikuwa na kikomo cha maili 65 kwa saa, kama kilomita 105 hivi, na kule kwao yale ya bei rahisi yana sifa mbaya ya kupasuka barabarani. Ila tusiwaonee. Ubavu wa ST umetengenezwa mgumu kwa ajili ya trela, halichezi likipishana na basi, na la ST225/75R15 lenye herufi E, hiyo ni herufi ya daraja la mzigo, linabeba pauni 2,830, yaani zaidi ya kilo 1,280 kwa upepo 80. Hiyo ni nguvu! Lakini saizi hiyo hiyo ikiwa na herufi C inabeba pauni 2,150 tu, kilo 975. Umeona? Hata huko ni kusoma ubavuni. Goodyear wana lile la Endurance, liliingia 2017, linatengenezwa Marekani, lina herufi ya mwendo N, kilomita 140. Ningelipata hapa Tanga kwa bei ya binadamu ningelichukua, nasema kweli. Lakini likipasuka Mombo saa moja usiku, utalipata wapi lingine? La kipanya liko kila duka, hata Pangani. Kwangu hilo limemaliza ubishi.

Kuhusu mwendo, yetu yana herufi R, kilomita 170. Hiyo si ruhusa! Na trela mimi sipiti 80, vijijini 50 kama kibao kinavyosema. Mpira unapoa ukienda taratibu, na mafuta unaokoa.

Yule aliyeuliza kuhusu trela la ekseli mbili: likipasuka moja, lile jirani yake limebeba mzigo wa matairi mawili mpaka uliposimama. Usiliamini. Lifungue likaguliwe ndani, ikiwezekana badilisha na lenyewe. Na usikate kona za ghafla uani, matairi ya ekseli mbili yanaburuzwa kwa ubavu pale.

Bei, bei, bei. Tumetoa laki mbili na ushee kwa moja, baada ya kubembelezana mpaka chai ikaletwa. Ya mtumba muuzaji alitaka elfu themanini. Tofauti ni ya kuuma, sikatai. Ila madigadi, nyaya na bomba la jamaa vimekula zaidi ya hiyo tofauti, na hapo sijahesabu watoto kukaa kando ya barabara na trela lililolala upande.

Kelele za upepo wa bahari mtanisamehe, maikrofoni mpya iko njiani, waliochangia nawashukuru. Video zitakuwa Ijumaa badala ya Jumatano, maana Jumatano umeme wa mtaa wetu na mimi hatuelewani. Ijumaa ijayo ni breki za trela, mtu wa kuleta trela lake bovu anione kwenye maoni.

Nisichokipenda kwenye haya mapya? Ugumu. Trela tupu linadunda kwenye matuta, vikombe vyote vinapiga kelele. Jamaa analalamika tayari. Namwambia afunge vikombe vizuri. Na spea bado ni lile la zamani la gari dogo, hela imekata, tumekubaliana mwisho wa mwezi. Mpaka hapo hatoki nje ya mkoa.

Fundi amemaliza kukaza nati. Tunalivuta mpaka Pangani na kurudi, kilomita kama mia moja hivi, halafu nati zinakazwa tena, maana ringi ikishakaa sawasawa nati hulegea kidogo. Dogo, zima kamera, shika geji, anza na la kushoto.